Kikopo cha Ramula

Watu wa Masese, mtaa wa wavuvi mjini Jinja, walizoea kuona makoti meupe yakipita ndani ya magari, vioo vimefungwa. Kwa hiyo asubuhi ile wanafunzi wa udaktari kutoka Mbale walipoteremka kwa miguu kuelekea ufukoni, wakiruka mitaro na kuinama chini ya kamba za nguo, wanawake waliokuwa wakianika mukene, dagaa wa ziwani, waliacha kazi wakawatazama. Hajarah naye alijinyoosha, mikono yake ikimetameta magamba ya visamaki vile, akatafuta kwa macho mpaka akampata. Shadiah, binti yake mkubwa, alikuwa wa pili kutoka mbele. Koti lake lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama.

"Yule si wako, Mama Shadiah?" aliuliza Phanice, jirani yake, Mkenya aliyekuja Masese kufuata biashara ya samaki, akakaa moja kwa moja.

"Ni wangu," Hajarah alijibu kama mtu asiyejali. Lakini aliuvuta mtandio wake akauweka sawa.

Mwalimu wao, Daktari Nyongesa, alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya chini, na aliwasimamisha wanafunzi wake palepale kando ya nyavu za mukene, mbele ya watu. "Wodini mgonjwa anakufuata," aliwaambia. "Analala kitandani akikungoja wewe. Hapa ninyi ndio wageni. Mtu akifunga mlango, umefungwa. Mimi sitawafundisha dawa wiki hizi, dawa mnazijua. Nataka mjue kukaa mlangoni kwa mtu."

Walikuwa wakitafuta kifua kikuu. Waliingia nyumba kwa nyumba, wakauliza nani anakohoa, nani amekonda, nani anaamka na shuka limelowa jasho. Aliyekuwa na dalili alipewa kikopo cha plastiki chenye kifuniko, akatolewa nje penye upepo, akaelekezwa avute pumzi na kukohoa kutoka ndani ya kifua, na mwanafunzi alisimama pale pale mpaka akamaliza. Shadiah ndiye aliyewaongoza, maana vichochoro vyote alivijua. Lakini walipofika penye mlango wa bluu alipitiliza.

"Na hapa?" aliuliza Daktari Nyongesa.

"Hapa ni kwetu, mwalimu."

"Kwenu hakuna watu?"

Hajarah, aliyekuwa amewafuata kwa nyuma, alipita mbele akasimama kizingitini. "Karibuni, dakitari. Ila hapa tuko wazima. Mgonjwa hakuna."

Hapo Ramula, binti yake mdogo, alikohoa. Alikuwa nyuma ya pazia, na ilisikika wazi kwamba alijaribu kukizuia kikohozi kile, kikamshinda, kikatoka kirefu na kikavu kisha kikavunjika kuwa kitu kizito. Mwanafunzi mmoja alitazama viatu vyake.

"Ni moshi," alisema Hajarah. "Anapika."

Daktari Nyongesa alitazama juu ya paa, kisha akamtazama mama mwenye nyumba kwa adabu. Moshi haukuwepo. "Sawa, mama," alisema. "Tutapita siku nyingine." Na akampa Shadiah kikopo kimoja mkononi, bila kusema cha nani.

*

Jioni ile Shadiah alikuja nyumbani mapema, jua bado linawaka ziwani. Alimkuta mdogo wake ameketi kwenye mkeka, akishonea nakshi pindo la gurbaba, lile vazi la wanawake wa Kinubi ambalo angelivaa siku ya harusi yake na Wahab. Fundi alikuwa amelipunguza kiunoni, halafu akalipunguza tena.

"Umeanza lini kukohoa?"

Ramula alitazama upande wa mama yake kabla ya kujibu. "Tangu kabla ya Ramadhani."

"Na jasho?"

"Na jasho."

"Mukene inatoa vumbi," Hajarah aliingilia. "Mimi mwenyewe nakohoa. Nani Masese hakohoi? Shadiah, usiingie nyumba hii na maneno ya hospitali. Wahab amekwisha sema na baba yako mdogo Rajab, sheikh ameambiwa, watu wamealikwa. Keshokutwa Mama Wahab anatungoja Mbale atuonyeshe chumba cha mwanangu. Aolewe kwanza. Akishaolewa utampima mpaka uchoke."

"Mama, akishaolewa atakuwa ameingia nyumba ya watu na ugonjwa."

"Na akipimwa sasa, nani atamwoa?" Sauti ya Hajarah ilipanda, kisha akakumbuka ukuta ulivyo mwembamba, akaishusha. "Baba yenu alipokufa kwa kifua, mlikuwa shule. Hamkuona. Wateja walikuwa wanapita hapa mlangoni na kwenda kununua kwa mwingine. Kikombe nilichomwekea mgeni chai, alikiosha mwenyewe kabla ya kunywa. Mbele yangu! Mimi sirudi huko."

Shadiah alikitoa kikopo alichopewa na mwalimu. Alipiga magoti mbele ya Ramula, akamwonyesha namna ya kukohoa, akamwekea kikopo kando ya mto. "Asubuhi na mapema, kabla hujala kitu. Nje, uani. Nitakuja mwenyewe nisimame nawe."

"Utasimama nami kama mtoto mdogo?" Ramula alitabasamu kwa aibu. "Nikohoe unanitazama? Niache, dada. Nitafanya, na mama atakileta kituo cha afya."

Shadiah alisita. Katika nyumba ya jirani asingesita. Lakini huyu alikuwa Ramula, aliyelala naye kitanda kimoja tangu utotoni, na aibu yake aliijua. "Haya," alisema.

Asubuhi Ramula alifanya kama alivyoambiwa. Alikohoa uani mpaka akashika ukuta, akafunga kifuniko, akampa mama yake kile kikopo bila kukitazama. Hajarah alikichukua. Njiani, nyuma ya banda la mkaa, alisimama. Aliona kile kilichokuwa ndani, kizito, cha manjano, na katikati yake uzi mwembamba mwekundu. Uzi ule aliwahi kuuona kwenye kitambaa cha marehemu mume wake.

Alikimwaga. Akasuuza kikopo kwa maji ya bomba, akakikausha kwa pindo la kanga, kisha akatema mate yake mwenyewe ndani, mara nyingi, mpaka alipoona yanatosha. Kinywa kilikuwa kimemkauka. Akafunga kifuniko akaenda nacho kituoni, akakitua mezani, akarudi kwenye mukene wake.

*

Mchana alipika wali na mukene wa karanga, akaufunika kwa kawa aliyoisuka mwenyewe, akaenda kumpelekea Shadiah chakula kituoni. Alikuwa amepanga kupita barazani na kuonekana, watu waseme mama wa dakitari amekuja. Lakini alipofika chini ya madirisha alisikia sauti ya Daktari Nyongesa, na haikuwa imepanda hata kidogo.

"Sampuli hii ni mate matupu. Maabara wameikataa. Sitaki kujua ya nani. Nataka kujua nani alisimama na mgonjwa."

Kisha sauti ya Shadiah: "Ni mimi nilitoa kikopo."

"Sikuulizi nani alitoa. Nani alisimama?"

"Hakuna, mwalimu."

"Kwa nini?"

Kupitia kioo cha dirisha kilichopinda Hajarah alimwona mwanawe amesimama mbele ya wenzake, mikono imeshikana mbele ya koti. Alimwona akifungua mdomo. Ndipo uso wake ulipobadilika. Alitazama mbali, kama mtu anayepita tena njia aliyoipita asubuhi na kuona kila kitu kilichokuwa kando yake. Amejua, Hajarah aliwaza. Amejua ni mimi.

"Nilizembea," alisema Shadiah.

"Ulizembea?"

"Ndiyo, mwalimu."

Daktari Nyongesa alifunga daftari lake. "Mgonjwa aliyeandikiwa kwamba ni mzima wakati si mzima, tumemdhuru kuliko kama tusingempima kabisa. Anaenda kwa amani yake kulala na watoto wa watu. Ukienda huko vijijini, Karamoja, visiwani, popote watakapokutuma, utakuwa peke yako. Mimi sitakuwepo kuuliza nani alisimama. Wiki zako hizi hazitahesabiwa, Shadiah. Utazirudia wenzako wakiwa likizo."

Msichana mmoja alivuta pumzi kwa mshituko. Kuzirudia wiki zile kulimaanisha asingevaa joho siku moja na darasa lake.

Palikuwa na hatua chache tu kutoka dirishani mpaka mlangoni. Hajarah angeweza kuingia. Maneno ya kusema yalikuwa mafupi tu. Alitua chakula kwenye benchi la barazani, kawa juu yake, akaondoka kwa kupitia nyuma ili asionekane.

*

Shadiah alipofika nyumbani hakugomba. Hilo lilimtisha Hajarah kuliko ugomvi. Alirudisha sahani ikiwa imeoshwa, akaweka kikopo kipya mezani, akamwambia mdogo wake, "Cha kwanza kimeharibika. Tutarudia kesho, na safari hii nitakuwepo."

"Kesho tunakwenda Mbale," alisema Hajarah.

"Msiende."

"Tumealikwa. Tukikataa tutasema nini?"

"Semeni mnaumwa."

"Utawapigia simu?" Hajarah alimkazia macho binti yake. "Utamwambia Mama Wahab?"

"Siwezi." Shadiah alijibu taratibu, kama mwenye kusoma maandishi magumu. "Ni siri ya Ramula, mama. Si yangu. Wala si yako." Kisha akamgeukia mdogo wake. "Kwao Wahab kuna mtoto mchanga, mjukuu wao. Mtoto kama yule kifua kikuu hakimchelewi. Mimi nimekwambia. Sina zaidi."

Usoni mwa Ramula hapakuwa na kitu cha kusomeka.

*

Nyumba ya Mama Wahab ilikuwa katika mji wa Mbale, upande wa viwanda, nyuma ya mashine za kusaga mahindi. Hata ndani ya sebule ulisikia ngurumo ya mashine hizo. Wahab mwenyewe, kijana mwenye duka la vipuri, alikuwa bado kazini, lakini mama yake aliwapokea kwa mikono miwili. Aliwakalisha kwenye makochi yenye vitambaa vilivyofumwa, akaagiza chai ya maziwa na sambusa, akaipokea kwa furaha kawa mpya aliyosukiwa na Hajarah na kuigeuzageuza kwenye mwanga.

"Mikono hii!" alisema. "Siku hizi wasichana hawajui kusuka. Ramula anajua?"

"Anajua," alisema Hajarah.

"Na dada yake ndiye dakitari. Mimi nawaambia majirani, tunaoa kwenye nyumba ya dakitari." Alicheka, akaingia chumbani, akatoka na mtoto aliyefungwa kwenye shali, macho yamefumba. "Huyu ni wa binti yangu. Mshike, mwanangu. Mshike, mkono uzoee. Mwakani awe wako."

Akamnyooshea Ramula yule mtoto.

Ramula alirudi nyuma ya kochi. Aliikunja mikono kifuani. "Samahani, mama. Siwezi."

"Huwezi nini? Haumi."

"Siwezi kumshika."

Tabasamu la Mama Wahab lilibaki usoni lakini lilikuwa limeanza kuchakaa. "Mjukuu wangu ananuka?"

"Hapana, mama. Wallahi hapana." Ramula aliweka kiganja mdomoni, akageuka ukutani, na kile kikohozi alichokuwa amekibana tangu Jinja kikatoka. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, ameinama, mifupa ya mgongo ikionekana chini ya gauni. Alipopata pumzi alisema, bado ameuelekea ukuta, "Nakohoa, mama. Siku nyingi."

Mama Wahab alimtazama Hajarah. Na Hajarah aliyaona maneno yakiwa tayari yamepangwa: vumbi la mukene, mafua, baridi ya safari. Yangetosha. Mama huyu alitaka kuyasikia. Alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa kuyakubali. Lakini alikuwa bado amemshika yule mtoto mikononi, na mtoto alipiga mwayo, akaonyesha ufizi mtupu.

"Mrudishe ndani," Hajarah alisema. "Mama Wahab, nakuomba. Mrudishe mtoto ndani."

"Kuna nini?"

"Walitaka kumpima kifua. Kilichotoka kifuani mwake nilikimwaga. Nikatema mate yangu mimi, ili waseme ni mzima." Sauti yake haikutetemeka, jambo lililomshangaza mwenyewe. "Yeye hajui. Anasikia sasa hivi kama wewe."

Ramula aligeuka kutoka ukutani. Alimtazama mama yake kwa muda mrefu, na Hajarah hakuweza kuurudisha mtazamo ule.

Mama Wahab hakupiga kelele. Alimpeleka mtoto ndani, akafunga mlango wa chumba, akarudi akafungua madirisha yote, moja baada ya jingine. Msichana wa kazi alikuwa anaingia na sinia la chai. "Rudisha," alimwambia. Kisha, kwa heshima kamili, akawaambia wageni wake, "Chai mtakunywa kwenu, ndugu zangu. Njia ni ndefu."

Wakati wanatoka, Wahab alikuwa anaingia. Mama yake alimwita kupitia dirisha, akamwambia maneno machache. Kijana alisimama upande wa pili wa lango, funguo mkononi, akamtazama Ramula. "Pole," alisema. "Nitapiga simu." Hakusogea, na wao walipita.

*

Asubuhi iliyofuata Shadiah hakuja peke yake. Alikuja na mwenzake, kijana aliyeitwa Owino, na ni Owino aliyesimama uani na Ramula mpaka mwisho. "Mimi ni ndugu," alisema Shadiah. "Kosa moja limetosha." Majibu yalitoka siku hiyohiyo. Ilikuwa kifua kikuu. Ramula akaanza dawa, nayo ni dawa ya nusu mwaka, na nyumba nzima ikapimwa. Huko Mbale nako Ramula mwenyewe alitoa ruhusa jina lake litajwe, wakaenda watu wa afya kumpima kila mtu nyumbani kwa Mama Wahab. Walikutwa wazima. Mtoto alipewa dawa ya kinga.

Siku ya nne tangu Ramula aanze dawa, Hajarah alikwenda kituoni. Alimkuta Daktari Nyongesa barazani akila muhindi wa kuchoma, akakataa kiti alichopewa.

"Dakitari, mimi ndiye niliyemwaga. Shadiah hakuzembea. Mrudishie wiki zake."

Nyongesa aliweka muhindi chini, akafuta mikono. "Nilijua, mama. Makohozi hayageuki mate yenyewe."

"Basi?"

"Basi yeye alikuona kwa akili yake siku ile, akanyamaza. Alikuficha."

"Mimi ni mama yake!"

"Ndiyo." Alisema bila ukali. "Na kule atakakokwenda kufanya kazi, kila mgonjwa atakuwa na mama. Si kwamba atarudia kwa sababu ni mtoto mbaya. Atarudia kwa sababu nataka awe daktari wa watu kama wa hapa, na watu wa hapa ni ninyi. Mimi mwenyewe nimetoka mahali kama hapa. Kosa hili nalijua."

Hajarah aliuvuta mtandio wake, akaondoka. Alipotoka langoni Shadiah alikuwa akimngoja.

"Umekwenda kuniombea."

"Amekataa."

"Najua." Walitembea. Baadaye Shadiah alisema, "Mimi ningemwambia ukweli, mama, ungeaibika mbele yao wote. Nisingeweza. Lakini ningeweza kuja kwako nikakuuliza, na hilo nalo sikufanya. Niliogopa utasema ndiyo."

Hajarah alimshika mkono, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu binti yule avuke umri wa kushikwa mkono. Wala hakusema samahani; hakujua namna ya kumwambia mtoto neno hilo. Walikwenda hivyo mpaka penye mlango wa bluu.

*

Wahab hakupiga simu. Kawa ilirudishwa na mtu wa boda boda, imefungwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki, na Rajab, baba mdogo, akaja kusema kwamba upande ule wameomba mambo yasimame. Hakusema mpaka lini. Ramula aliikunja gurbaba akaiweka sandukuni, kisha akameza vidonge vyake mbele ya mama yake, kama kila asubuhi. Kwa siku nyingi hakuwa akimwambia Hajarah zaidi ya salamu na kuomba maji. Mwili ulianza kurudi. Sauti ilirudi polepole zaidi.

Wanafunzi waliondoka, Shadiah pamoja nao, na Masese ikabaki na habari. Wateja walianza kupita mlangoni kama zamani zile. Phanice, ambaye walikuwa wakigawana moto na chumvi, aliwakataza watoto wake kucheza upande huu wa uchochoro. Hajarah aliyaona yote. Aliendelea kuanika mukene wake na kuugeuza, na jioni aliuza kidogo kwa watu wa mbali wasiomjua.

Kisha asubuhi moja, wakati wanawake wote wako ufukoni, Phanice alisimama mlangoni. Hakuingia. Nyuma yake alikuwa binti yake Ivy, wa darasa la sita, amevaa sweta wakati jua linachoma.

"Mama Shadiah," alisema, akitazama chini. "Ramula alianzaje?"

Hajarah alimtazama mtoto. Shingo ilikuwa imevimba upande mmoja, chini ya sikio, na macho yalikuwa makubwa mno kwa uso ule. Palikuwa na mambo mengi ya kumwambia Phanice. Aliyafikiria, machache yake, na yalikuwa matamu kuyafikiria.

"Jasho analo?" aliuliza.

"Analo." Phanice alianza kulia bila sauti. "Mume wangu anasema nimpeleke kwetu Busia, kwa siri, nisimpeleke hapa watu wakaona. Wewe ungefanyaje?"

"Mimi? Unajua nilifanyaje. Masese yote inajua."

Aliingia ndani, akamwambia Ramula awe akiangalia nyavu. Ramula alikuwa ameyasikia yote. "Mpeleke, mama," alisema, na hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyompa wiki nzima. Hajarah alichukua mtandio wake, akatoka, akamshika Ivy mkono.

Kituoni benchi la ndani lilikuwa na nafasi, gizani karibu na ukuta, na Phanice alikwenda kulikalia. Hajarah alimrudisha taratibu. "Huko hakuna hewa," alisema, akawakalisha barazani, upande wa barabara. Phanice alijifunika leso mpaka machoni. Watu waliotoka sokoni walipita, wakageuka, wakapunguza mwendo. Hajarah alikaa katikati ya mama na mtoto, uso wazi, naye akamsalimu kila aliyepita kwa jina lake, mmoja mmoja, mpaka musawo, mhudumu wa kituo, alipotoka na kuuliza nani anafuata.